Udongo Kwanza, Duara Baadaye

Mwenye leseni ndogo ya dhahabu upande wa Issuna, wilayani Ikungi, kwa kawaida ana fedha za kufanya jambo moja tu vizuri, na wengi huzimalizia kwenye duara, yaani shimo la wima la kuchimbia. Duara la mita moja kwa moja likishuka mita 10 ni kama tani 26 za mwamba wa kuvunja na kuvuta juu, ukiacha magogo, baruti na chakula cha vijana. Ukikosa, umejua habari za shimo hilo moja. Na mgodi wa dhahabu wa kampuni ya Shanta kuwapo Mang'onyi, wilaya hiyo hiyo, hakuhakikishi chochote kwenye eneo lako.

Fedha hizo ningezipeleka kwenye udongo, baada ya kununua ramani ya jiolojia kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) Dodoma. Leseni ndogo ya dhahabu haizidi hekta 10. Ukiachanisha mistari mita 50 na kuchukua sampuli kila mita 25, ni sampuli kama 80 kwa eneo zima. Vua pete kwanza, maana chembe yake tu inaharibu majibu. Pita tabaka jeusi la mizizi, chota udongo mwekundu wa chini, chekecha, weka kwenye bahasha ya kaki, andika namba kwa penseli. Palipo na udongo wa mbuga usichote juu juu: umeletwa na maji. Kichuguu kilicho jirani ni bora, kwa sababu mchwa hupandisha udongo wa chini.

Gharama kubwa ni maabara. Kabla ya kulipa, uliza kipimo chao kinaanzia wapi. Dhahabu ya udongoni husomwa kwa sehemu kwa bilioni. Kipimo kinachoanzia sehemu moja kwa milioni kitakurudishia sifuri tupu, na fedha imekwenda.

Detekta ni rahisi kukodi, ila husikia vipande, si vumbi. Karai la kuoshea mchanga linafaa korongoni. Kipimo cha mkononi cha mionzi ya eksirei (XRF) hakioni dhahabu kidogo hivyo, lakini huona aseniki, ambayo mara nyingi hufuatana nayo. Kitumie kuchagua bahasha za kutangulia maabara.

Usibane fedha kwenye marudio: katika kila sampuli 20, rudia moja kwa namba nyingine. Majibu yakipanda kwenye mistari miwili jirani, kata mtaro hapo kabla ya duara.