Ini, Dawa na Rangi Iwakayo

Mkazi wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, ashikwapo na homa jioni, aghalabu humeza parasetamoli kabla ya kumwendea tabibu, na pengine huongeza dawa ya mafua ambayo, lau angeisoma karatasi yake, angekuta parasetamoli ile ile imo ndani; na dawa hii, ambayo mtu mzima mwenye siha hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, ikizidi huzaa sumu iitwayo NAPQI, inayomaliza akiba ya glutathioni iliyo kinga ya ini, hata chembe zikaanza kufa ilhali mwenyewe hahisi ila kichefuchefu.

Mushkeli ni kwamba kipimo cha damu tulichokizoea hutafuta vimeng'enya vya ALT na AST, navyo havifuriki katika damu mpaka chembe zimekwisha kujeruhiwa. Kwa hiyo wataalamu wameigeukia sifa ya baadhi ya vitu kupokea mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine, sifa aliyoieleza George Stokes mwaka 1852, na ambayo kwinini, dawa yetu ya malaria, huidhihirisha waziwazi, kwani maji yake yakimulikwa kwa taa ya zambarau ya wabadilishaji fedha hung'aa samawati. Rangi za leo hutengenezwa zisiwake mpaka zikutane na kitu mahususi, mathalan peroksinitriti, ambayo ini huizalisha likiudhiwa na dawa.

Mwaka 2014 Jianghong Rao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza chembechembe za namna hiyo ambazo, katika panya waliopewa parasetamoli au isoniazidi, zilionyesha athari kwa dakika chache, kabla jeraha halijaonekana kwa darubini, na zikabainisha pia kama tiba ya kuizuia inafaa. Isoniazidi si ngeni kwetu: mgonjwa wa kifua kikuu huimeza miezi 6.

Panya, hata hivyo, si binadamu, na ini letu limejificha ndani mno kwa mwanga kulifikia kwa wepesi. Faida ya karibu, kwa rai yangu, ni kuzichuja dawa mpya kabla hazijatufikia. Kwa sasa, mgonjwa wa kifua kikuu akiona macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai, arudi kituoni siku ile ile, na aliyezidisha parasetamoli awahishwe hospitali hata kama hajaumwa, kwa kuwa asetilisisteini, dawa yake, hufaa zaidi ndani ya saa 8.