Hewa ya Tanga na Hewa ya Lushoto: Kihisi cha Injini Hupimwaje?

Gari litokalo Tanga kwenda Lushoto huanza safari karibu na usawa wa bahari, likapita Muheza na Korogwe, na lifikapo Mombo huiacha barabara kuu na kuipanda milima ya Usambara kiasi cha kilomita 33, hadi kimo cha meta 1,400 hivi. Abiria huhisi baridi. Injini huhisi jambo jingine: hewa imekuwa haba.

Mjini Tanga shinikizo la hewa ni takribani kilopaskali 101. Lushoto ni kama 86. Enzi za kabureta, injini iliyorekebishwa pwani iliendelea kupokea huko juu petroli isiyolingana na hewa iliyopo, ikaishiwa nguvu na pengine kutoa moshi mweusi. Siku hizi kazi ya kupima mgawo huo ni ya kompyuta ya injini, nayo haina macho wala pua. Hutegemea habari inazoletewa na vihisi, ambavyo mafundi wetu huviita sensa.

Katika magari mengi kimojawapo ni kihisi cha shinikizo, kilichounganishwa na bomba la kuingizia hewa. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha silikoni. Upande mmoja wa kiwambo ni ombwe, yaani hewa imeondolewa. Upande wa pili husukumwa na hewa ya bomba. Kiwambo kikipinda, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na kihisi, ambacho hulishwa volti 5, hutoa volti zinazopanda na kushuka kwa kufuata shinikizo.

Kukipima si kazi ngumu. Fungua swichi bila kuwasha injini. Wakati huo bomba limejaa hewa tuli, hivyo kihisi hakina budi kusoma shinikizo la mahali ulipo. Kisha washa injini, uiache iungurume polepole: pistoni hufyonza hewa, na kipimo hushuka hadi kilopaskali 30 au 40 hivi.

Maneno "mahali ulipo" ndiyo yenye uzito. Jamaa yangu mmoja, mkazi wa pwani, gari lake lilikuwa likila petroli kupita kiasi. Akiwa Lushoto aliambiwa na fundi kwamba kihisi cha shinikizo kimekufa, kwa kuwa kilisoma 86 ilhali kitabu kiliandika 101. Akanunua kipya kwa fedha nyingi. Kipya nacho kikasoma 86! Ubovu ulikuwa kwenye kihisi cha joto la maji ya rejeta, au tuseme kwenye plagi ya nyaya zake, ambayo pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari.

Kihisi hiki cha pili hupunguza ukinzani kadiri joto linavyozidi: aghalabu hutoka ohm 2,000 au 3,000 katika nyuzi 20 za Selsiasi hadi ohm 300 hivi katika nyuzi 80. Kutu huongeza ukinzani wake juu ya huo. Kompyuta hudhani injini ingali baridi, ikaimiminia petroli.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kihisi cha joto kilichokwishatumika, sufuria ya maji, kipimajoto na mita ya umeme. Wanafunzi wachore ukinzani dhidi ya joto, hatua kwa hatua, mpaka maji yachemke. Mchoro wa mwanafunzi wa Tanga utafika nyuzi 100. Wa mwenzake wa Lushoto utakomea karibu na 95, hata aongeze kuni namna gani.