Kunasa Mlio wa Kipunji: Namna ya Kuchagua Kigeuzi cha Sauti

Mwezi Desemba 2003, katika misitu ya Mlima Rungwe, ambao chini yake umelala mji mdogo wa Kiwira, watafiti waliofuatilia habari za wenyeji walimwona kima aitwaye kipunji. Alipotangazwa katika ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, mlio wake ulikuwa miongoni mwa ushahidi uliomtenga na jamaa zake: ni mlio mzito, nusu honi nusu mbweko. Ikiwa sauti yaweza kuwa ushahidi, chombo kinachoinasa hakina budi kuaminika.

Maikrofoni hugeuza mawimbi ya hewa kuwa volti ndogo sana, lakini kompyuta hufahamu tarakimu tu. Kwa hiyo, ndani ya kisanduku kinachochomekwa kwenye tundu la USB huwekwa kikuzaji, na baada yake kigeuzi, ambacho hupima volti hizo maelfu ya mara kila sekunde. Aghalabu wanunuzi hutazama idadi ya biti za kigeuzi peke yake. Hesabu ndogo yaonyesha kwamba hilo halitoshi.

Kigeuzi cha biti 16 kina ngazi 65,536. Ikiwa kipimo chake chote ni volti 2, kila ngazi ni mikrovolti 30 hivi. Tuseme mlio wa kipunji aliye mbali waleta mikrovolti 100 tu: utachorwa kwa ngazi tatu, na umbo lake litapotea. Kikuzaji kikiuzidisha mara 100, ngazi zitakaribia 330, na mlio utatambulikana.

Je, kigeuzi cha biti 24, chenye ngazi 16,777,216, hakiwezi kufanya kazi bila kikuzaji? Ngazi yake moja ni mikrovolti 0.12 tu. Lakini elektroni ndani ya kila rezista hutikiswa daima na joto, na mtikisiko huo ni kelele. Rezista ya omu 10,000 hutoa kelele ya mikrovolti 1.8 hivi katika masafa yasikikayo na binadamu, yaani mara 15 ya ngazi hiyo. Kigeuzi chenyewe pia kina kelele. Kikiwa na tofauti ya desibeli 100 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele yake, kelele hiyo ni kama mikrovolti 7. Biti za mwisho, basi, hazipimi kipunji, hupima kelele. Yafaa kusoma desibeli kabla ya biti, na kutumia fedha kwanza kwa kikuzaji kitulivu.

Kuhusu idadi ya vipimo, kanuni ya Nyquist yataka vizidi maradufu ya masafa ya juu kabisa yanayonaswa. Vipimo 48,000 kwa sekunde vyatosheleza sikio la binadamu, na mlio mzito wa kipunji hauhitaji zaidi.

Jambo la mwisho ni umeme. Volti 5 za USB hutoka katika kompyuta pamoja na kelele zake. Katika USB ya kasi ya megabiti 12, data hutumwa kila milisekunde, na saketi isiyochujwa vizuri huweza kuvuma kwa hezi 1,000, katikati kabisa ya usikivu wa sikio.

Shuleni, jaribio ni rahisi: maikrofoni iwekwe mahali pa kimya, kimya hicho kirekodiwe kwa dakika moja, kisha kisikilizwe. Mvumo utakaosikika ndio mpaka wa chombo. Kipunji aliaye chini ya mpaka huo, kwa chombo hicho, ni kama hakulia.