Udongo wa Kinango na Mikoko ya Mwache

Mvua za El Nino zilizoanza Oktoba 1997 zilipokatika mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya mikoko ya hori ya Mwache, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, ilikuwa imekauka wima. Haikufa kwa shoka la wakata boriti. Watafiti walikikuta kisababishi chini ya miti: tabaka la udongo mpya ulioletwa na Mto Mwache kutoka bara, huku kwetu Kinango.

Udongo huuaje mti uishio matopeni? Tope la hori halina hewa, kwa hiyo mkoko hupumulia juu. Mizizi yake iliyopinda kama miguu ya buibui ina vitundu vya kuvuta hewa na kuishusha chini. Mchu, aina nyingine ya mikoko, nao huchomoza vijizizi wima juu ya tope kwa kazi hiyohiyo. Udongo kidogo wa kila mwaka mti huuzoea, hata ukafaidi rutuba yake. Ukimwagika mwingi kwa miezi michache, vitundu huzibwa, mizizi hukosa oksijeni, na mti hufa kwa kukosa pumzi.

Mwaka 2015 na 2016, El Nino nyingine ilichangia kuua zaidi ya hekta 7,000 za mikoko katika Ghuba ya Carpentaria, Australia, kwa njia iliyo kinyume: usawa wa bahari ulishuka, na miti ikapatwa na kiu. Chanzo ni kimoja, ila kila pwani huumia kwa udhaifu wake.

Udhaifu wetu ni ardhi tupu. Tone la mvua likiangukia nyasi hupoteza nguvu na kuzama. Likiangukia mteremko uliokatwa miti ya makaa, au malisho yaliyoliwa hadi vumbi, hung'oa udongo na kukimbia nao mtoni. Mkulima hupoteza tabaka lenye rutuba ambalo mahindi yake yanalihitaji; mvuvi hupoteza maficho ya kamba, kaa na samaki wachanga.

Mvua kubwa hatuwezi kuizuia. Matuta ya fanya juu, kulima kwa kukingama mteremko, na kuacha nyasi na miti kingoni mwa mito na silanga tunaviweza. Wanaopanda miche ya mikoko wanastahili shukrani, lakini miche hiyo itafukiwa ikiwa bara inaendelea kumomonyoka. Kazi ya kuuokoa msitu ule ianzie mashambani mwetu, kabla ya vuli.