Viini vikuukuu vya Linux: Ondoa vilivyozidi, bakiza cha akiba

UJUMBE kwamba nafasi imekwisha huwashangaza watumiaji wengi wa Ubuntu, hasa wanapoona diski kuu ingali na nafasi tele. Aghalabu kilichojaa ni sehemu moja ndogo iitwayo /boot, ambamo huhifadhiwa kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia vifaa vya tarakilishi kwa niaba ya programu nyingine zote.

Mfumo unaposasishwa, kiini kipya huwekwa kando ya kile cha zamani. Kiini kimoja na faili yake ya kuwashia huweza kumeza zaidi ya megabaiti 100. Iwapo /boot ilitengewa megabaiti 500, si ajabu ijae upesi, na hapo hata masasisho ya usalama hukwama.

Hata hivyo, viini hivyo si taka tupu. Mjini Kakamega, ambako radi si jambo geni, umeme unaweza kukatika kiini kipya kikiwa hakijamaliza kuandikwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwenye tasnifu ndani ya mashine isiyo na betri ataokolewa na kiini cha zamani: akibonyeza Shift wakati wa kuwasha, au Esc katika mashine za kisasa, ataletewa orodha ya kuchagulia kile kilichofanya kazi jana.

Kabla ya kuondoa chochote, ni heri kuwasha tarakilishi upya ili kiini kipya kijaribiwe. Amri uname -r huonyesha kinachotumika, hicho hakiguswi. Kisha sudo apt autoremove --purge huondoa vikuukuu na kubakiza kinachotumika pamoja na vilivyo vipya zaidi.

Wapo wanaoona njia hiyo ni ndefu, wakaingia /boot na kufuta faili kwa mkono. Ni hatari isiyo na faida. Mfumo huendelea kuamini kwamba paketi zingalipo, na orodha ya kuwashia huelekeza kwa faili ambayo haipo tena.

Ikiwa /boot imejaa hata apt inakataa kufanya kazi, hutumiwa sudo dpkg --purge ikifuatwa na jina la paketi ya kiini kimoja cha kale, pamoja na paketi zinazokitegemea. Nafasi ikipatikana, sudo apt -f install humalizia kazi iliyokwama, na df -h /boot huonyesha kiasi kilichobaki.