Pasipoti, Viza na Muhuri wa Kuingia

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya hati ambazo mtu hana budi kuwa nazo atakapo kwenda kutembea katika nchi isiyo yake. Huenda mtu wa Basotu akasema, "Habari hii ni ya watu wa mjini, sisi wenye ng'ombe na mashamba ya ngano yatuhusu nini?" Yawahusu kwa njia mbili. Kwanza, wageni wa ng'ambo huja Hanang kupanda mlima, ambao kimo chake chapita mita 3,400, na kutazama viboko na ndege wa ziwa la Basotu. Ni vema mwenyeji ajue mgeni wake ameingia kwa ruhusa gani. Pili, vijana wetu nao husafiri, na wako waliopata hasara kubwa kwa kutojua neno moja nitakalolieleza sasa.

Neno lenyewe ni hili: pasipoti, viza na muhuri wa kuingia ni vitu vitatu, wala si kimoja. Pasipoti yasema wewe u nani. Viza yasema kwamba wenye nchi wamekubali uje ubishe hodi. Muhuri upigwao mpakani ndio usemao, "Karibu, ingia, ukae siku hizi, kwa shughuli hii." Mwenye kuvichanganya vitu hivi ni rahisi kudanganywa.

Na tuanze na pasipoti. Kabla ya vita kuu ya 1914 hadi 1918 watu wengi wa Ulaya waliweza kuvuka mipaka bila ya kuulizwa hati. Vita vilileta hofu ya wapelelezi, na milango ikafungwa. Mwaka 1920 wajumbe wa mataifa walikutana Paris, wakashauriana kwamba pasipoti zote ziwe za namna moja, kitabu kidogo chenye kurasa 32. Mfano ule ndio mzazi wa pasipoti za leo. Ya Tanzania, tangu mwaka 2018, ina kifaa kidogo cha elektroniki kinachohifadhi habari za mwenyewe. Atakaye kuipata sharti awe na Kitambulisho cha Taifa, na cheti chake cha kuzaliwa pamoja na cha mzazi wake. Ombi hujazwa kwa mtandao, kisha hupelekwa Ofisi ya Uhamiaji. Kwa watu wa Mkoa wa Manyara, ofisi ya mkoa iko Babati. Basi mwenye cheti cha kuzaliwa asikiweke mahali penye moshi na mchwa.

Pili ni viza. Kila nchi hujiamulia ni watu wa taifa gani watakaoiomba, na ni akina nani wasamehewe. Tutazame mgeni ajaye kwetu. Tangu mwaka 2018 aweza kuiomba viza ya Tanzania kwa mtandao kabla hajaondoka kwao. Mwaka 2024 viza ya kawaida ya kuingia mara moja na kukaa siku zisizozidi 90 ililipiwa dola 50 za Marekani, na raia wa Marekani walilipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Pasipoti ya mgeni sharti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, maana hakuna serikali ipendayo kukaa na mtu ambaye hati yake imekufa mikononi mwake.

Desturi hizi hubadilika. Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni wote, lakini badala yake ikaweka kibali cha safari kiombwacho kwa mtandao. Jina lilibadilika, bali kuomba ruhusa kulibaki. Kwa sababu hiyo msafiri mwenye akili huuliza ubalozi wa nchi aendayo, wala hategemei habari za rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Pamoja na viza huenda ukatakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania hukidai kwa watu watokao katika nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo haianzi kuhesabiwa siku ile ile uchanjwapo, bali baada ya siku 10. Kwa hiyo asiyechanjwa mapema aweza kuzuiwa mpakani. Lakini tangu Julai 2016 cheti hicho hutumika maisha yote ya mtu.

Tatu ni muhuri. Ofisa wa Uhamiaji aweza kukuuliza wapi utalala, una fedha gani za kujilisha, na tiketi yako ya kurudi i wapi. Akiona maneno yako hayapatani, aweza kukurudisha ijapokuwa una viza. Akiridhika, hupiga muhuri na kuandika siku zako. Zihesabu papo hapo, kwani hizo ndizo zitakazokushika.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumepunguziwa mzigo. Mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza tarehe 1 Julai 2010, wamruhusu raia wa nchi za Jumuiya kuingia nchi mwenzake bila ya viza, na kupewa pasi ya kukaa hata miezi sita. Mtu wa Basotu aendaye Nairobi hupita Katesh, Babati na Arusha, akafika Namanga, na huko muhuri wa kutoka na wa kuingia hupigwa katika jengo moja. Lakini kutolipa viza si kutobisha hodi. Apitaye njia za porini ameingia bila ruhusa, hata akiwa na ndugu ng'ambo ya pili.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mambo ya Uhamiaji, sheria ni kinyume: aliyeingia kwa kutembea asiguse jembe hata siku yake ya mwisho. Kazi ina kibali chake. Na hapa ndipo mtego unapotegwa. Huja mtu kijijini akamwambia binti, "Nitakupatia viza, utafanya kazi Arabuni." Viza yenyewe ni ya matembezi. Siku zikiisha, binti amekuwa mvunja sheria, naye huogopa kwenda kushtaki akidhulumiwa mshahara. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri. Mtu asiye na pasipoti mkononi hupata taabu kubwa kurudi kwao.

Basi, kabla ng'ombe hajauzwa ili kulipia safari, mzazi na aulize maswali matatu. Ruhusa hii jina lake nini? Ni ya siku ngapi? Je, yaruhusu kazi? Majibu yaonekane katika karatasi, yasomwe na mtu wa pili, kisha ofisi ya serikali iulizwe kama ni ya kweli. Anayeona haya kuuliza leo aweza kulia kesho mbali na mama yake.

Nawatakieni safari njema, ninyi mtakaokwenda, na ukarimu mwema, ninyi mtakaopokea wageni. Kwaherini.