Mafunzo tele, walezi haba kwa wafanyabiashara chipukizi wa Chala

Siku za soko mjini Taveta, Jumatano na Jumamosi, ndizi za Chala huingia alfajiri. Huletwa kwa bodaboda, mikungu ikining'inia pande zote mbili, na kabla jua halijakolea nyingi huwa zimeshapandishwa kwenye malori ya Mombasa na Nairobi. Biashara hii inalisha nyumba nyingi za wadi ya Chala, kuanzia kandokando ya ziwa hadi Njukini. Lakini ndani yake wamo watu wa ngazi ya chini kabisa, wasio na shamba lenye hati, wasio na gari, wasio na akiba ya kuwavusha siku moja ya bei mbaya. Hao ni akina mama wanaonunua mikungu michache kwa jirani, vijana waliomaliza shule bila kazi, na watu wenye ulemavu wanaouza rejareja pembeni mwa soko.

Kwa ajili yao, mipango ya kuinua biashara changa imekuwa ikipishana kwa karibu miaka 20. Hazina ya vijana ilianzishwa 2006, ya wanawake ikafuata 2007. Mwaka 2013 ikaja Hazina ya Uwezo, iliyopewa Sh6 bilioni zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais ambayo haikufanyika. Novemba 30, 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hustler. Siku hizi vijana wanazungumzia zaidi mpango wa NYOTA, ambao humpa aliyechaguliwa Sh50,000 za kuanzia biashara kwa mafungu mawili, pamoja na mafunzo na ushauri. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo yana semina zake. Pesa hutofautiana, masharti hutofautiana, ila mafunzo hayakosekani. Wanachouliza wafanyabiashara wa Chala ni nani anayebaki nao semina ikishafungwa.

Mama mmoja anayeuza ndizi na nyanya, aliyeomba asitajwe jina kwa kuwa kikundi chake bado kinasubiri jibu la ombi la mkopo, amehudhuria mafunzo ya namna hii zaidi ya mara moja. Anasema kila mara hufundishwa yaleyale: kuandika mpango wa biashara, kutenganisha pesa za nyumbani na za biashara, kuweka daftari. Hayapuuzi. Daftari analo, na alilifungua tulipozungumza. Lina safu nne zilizopigwa kwa rula: alichonunua, usafiri, ushuru wa soko na alichouza. Safu ya usafiri ndiyo inayomla. Kuna kurasa ambazo safu hiyo pekee imemeza faida yote ya siku.

Lalamiko lake ni kwamba daftari limemwonyesha hasara, lakini hakuna mtu wa kumpelekea. Aliyemfundisha kuliandika alikuja siku chache, akapiga picha na kikundi, akaenda. Hakuna aliyerudi kuuliza kama biashara bado ipo. Mafunzo mengine hufanyika Voi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Taveta kupitia Mwatate, na kwa mtu wa Chala kuna bodaboda ya kumfikisha Taveta kwanza. Nauli hurudishwa wakati mwingine. Siku ya soko hairudishwi. Anasema akikosekana Jumatano moja, mnunuzi wake wa Mombasa huchukua mzigo kwa mwingine, na wiki inayofuata huendelea na huyo mwingine.

Lipo pia jambo la bei, ambalo kwa maelezo yake hakuna semina iliyowahi kuligusa. Mkungu hauuzwi kwa mizani. Mnunuzi huutazama, hukadiria urefu wa vichana na unene wa ndizi, kisha hutaja bei. Anayeuza akikataa asubuhi, mchana atauza kwa bei ya chini, kwa sababu malori yanaondoka na ndizi zilizokatwa hazisubiri. Mama huyu alijifunza kulikwepa shimo hilo kutoka kwa mfanyabiashara mkongwe wa sokoni, mama wa rika la mamake mzazi, aliyemwambia ni malori gani hufika lini, ni mnunuzi yupi hulipa papo hapo na yupi huacha deni, na kwamba ni afadhali kumpigia mnunuzi simu kabla ya kukata mikungu kuliko baada. Hakulipwa kwa ushauri huo. Mwanafunzi wake anasema umemfaa kuliko vyeti vyote alivyonavyo nyumbani.

Malalamiko ya mtu mmoja si ushahidi wa kutosha kuhukumu mipango ya nchi nzima. Lakini yanakaribiana na yale ambayo watafiti wameyaona kwingineko nchini. Utafiti uliofanywa Dandora, Nairobi, na kuchapishwa 2018, uliwagawa wanawake wenye biashara ndogo katika makundi. Wengine waliingizwa darasani, wengine waliunganishwa na wanawake wazoefu wa mtaa uleule. Faida ya waliopewa walezi ilipanda kwa takriban asilimia 20, ilhali darasa halikuonyesha mabadiliko ya maana katika faida. Siri kubwa ilikuwa taarifa za pale pale, hasa wapi pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Uhusiano wa mlezi na mwanafunzi ulipolegea, faida nayo ikafifia.

Upande wa pili wa ushahidi hauruhusu mtu kushangilia mapema. Utafiti mwingine ulifuatilia wanawake 3,537 katika masoko 157 ya mashambani, katika kaunti za Kakamega, Kisii, Kitui na Embu. Huko mafunzo ya darasani yalizaa matunda polepole: baada ya miaka mitatu, waliofunzwa walikuwa na faida zaidi kwa takriban asilimia 15. Baadhi yao waliongezewa ushauri wa baadaye, na nyongeza hiyo haikuonyesha tofauti. Kwa hiyo darasa lina nafasi yake, na si kila mpango unaoitwa ulezi hufanya kazi. Kinacholingana katika tafiti zote mbili ni muda. Kinachopimwa wiki ya mwisho ya semina hakiambii mtu lolote kuhusu biashara itakavyokuwa mwaka wa pili au wa tatu.

Afisa mmoja anayeshughulikia vikundi katika kaunti, ambaye hana idhini ya kuzungumza na wanahabari, anaona lawama zimezidi. Anasema hakuna wadi iliyosahauliwa, na anatoa hesabu mbili. Ya kwanza ni ya NYOTA, ambayo kila wadi nchini ilitengewa nafasi za vijana wasiopungua 70, Chala ikiwemo. Ya pili ni asilimia 30 ya zabuni za umma, ambayo kisheria ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa maoni yake, mlango uko wazi na wanaolalamika ni wale wasiojaza fomu.

Hesabu hizo ni za kweli, lakini zinasema kilichoagizwa, hazisemi kilichofika. Tuchukue asilimia 30. Ili kampuni isajiliwe katika fungu hilo, angalau asilimia 70 ya umiliki wake iwe mikononi mwa watu wa makundi hayo, na viongozi wake wote watoke humo. Inahitaji pia cheti cha kutodaiwa ushuru. Akishashinda zabuni, mwenye biashara hununua bidhaa kwa pesa yake, hupeleka, kisha husubiri malipo. Malimbikizo ya madeni ya kaunti kwa wazabuni ni habari ya kila mwaka Kenya nzima. Mwenye mtaji mnene anaweza kusubiri. Muuza mboga wa Chala aliyekopa ili apeleke kabeji shuleni hawezi, na nafasi aliyotengewa inaweza kumfilisi. Afisa huyo alipoulizwa ni wangapi kutoka Chala wameshinda zabuni na bado wako katika biashara, hakuwa na jibu.

Hata nafasi za NYOTA zinahitaji kutazamwa kwa karibu. Kila fungu la Sh25,000 hugawanywa: Sh22,000 huingia katika akaunti ya biashara ya simu na Sh3,000 huenda kwenye akiba ya uzeeni. Kwa kijana anayeuza nguo za mitumba au kukaanga viazi, Sh22,000 ni mwanzo mzuri. Kwa anayetaka kukodi kipande cha shamba chenye maji ya mfereji, kununua miche na kulipa vibarua, zinaisha kabla mche haujashika. Ushauri unaotolewa kati ya fungu la kwanza na la pili ndio ungemsaidia kuchagua, na hapo ndipo ubora wa mlezi unapoonekana. Kijana mmoja wa eneo hilo anasema mshauri anayehudumia vijana wengi waliotawanyika hana namna ya kufika kila kibanda, na mara nyingi mawasiliano huishia kwenye ujumbe wa simu.

Tatizo linaloandamana na hilo ni kalenda. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler, wa kati ya Sh500 na Sh50,000, hulipwa ndani ya siku 14 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba yenyewe ni ndogo sana: kwa Sh1,000 ni takriban Sh3 kwa kipindi hicho. Kinachobana ni siku. Nyanya huhitaji miezi kama mitatu tangu kuhamishwa kitaluni hadi kuchumwa, na mgomba uliopandwa leo hukaribia mwaka kabla ya mkungu wa kwanza. Mkopo wa siku 14 unamfaa mchuuzi anayenunua Jumatano na kuuza Jumamosi. Mkulima chipukizi akiuchukua, atalipa kwa pesa isiyotoka shambani. Mlezi anayeijua Chala angemwambia hivyo siku ya kwanza. Kijitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa nchi nzima hakiwezi.

Mikopo ya vikundi ina muda mrefu zaidi. Uwezo hukopesha vikundi bila riba, kati ya Sh50,000 na Sh500,000, baada ya mafunzo. Lakini sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii inataka wanachama wasiopungua 10. Kikundi kidogo kikipata kiwango cha chini, kila mmoja ana Sh5,000. Na deni ni la wote: mmoja akihama au akiuguliwa, waliobaki wanabeba mzigo wake. Wengi wa Chala wanapendelea chama cha mzunguko, kwa sababu wanajuana na hakuna fomu.

Kuna eneo moja ambalo ulezi mzuri ungeleta faida ya haraka, nalo ni mpaka. Chala imepakana na Tanzania, ziwa lenyewe limegawanywa kati ya nchi mbili, na undugu na biashara havikuanza na kituo cha forodha. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizoko katika orodha iliyokubaliwa na zinazotoka nchi wanachama, anaweza kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kimekuwa kikifanya kazi tangu 2016. Hata hivyo, wachuuzi wadogo bado hutumia njia za panya, ambako hupoteza mzigo, hutoa hongo au huumia. Dalali mmoja wa mpakani anasema wengi hawajui wanastahili cheti hicho, na wanaojua wanaogopa kwamba karatasi nyingine za afya ya mazao zitawakwamisha. Mfanyabiashara mzoefu angeweza kumwonyesha mgeni utaratibu mzima kwa kuvuka naye mara moja tu.

Watu wenye ulemavu ndio wanaosahaulika zaidi katika mazungumzo haya. Wanatajwa katika kila mpango, lakini ukumbi ulio ghorofani, usafiri wa bodaboda na mafunzo yasiyo na mkalimani wa lugha ya ishara huwafungia nje kabla ya somo la kwanza. Kwao, mlezi anayewafikia nyumbani au kwenye kibanda ni sharti la kushiriki.

Je, mambo yatabadilika? Dalili zimechanganyika. Barabara ya lami kutoka Mwatate hadi Taveta imeifanya safari ya mzigo kuwa fupi, mahitaji ya ndizi na nyanya mijini hayajapungua, na angalau ushauri umeingia katika lugha ya mipango mipya. Wachuuzi wanaozungusha pesa kwa haraka huenda wakanufaika kwanza. Kwa wanaotegemea shamba, wasio na hati na wanaopakana na ndovu wa Tsavo, matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu ushauri hauzuii ndovu wala hauleti hati.

Hatua isiyohitaji hazina mpya ni kuwalipa wakongwe wa soko, hata posho ya kawaida, wawalee wachache kila mmoja kwa mwaka mzima, kisha kuchapisha idadi ya biashara zinazoendelea baada ya miaka miwili badala ya idadi ya waliohudhuria. Haijulikani kama wanaotoa fedha watakubali kupimwa hivyo, maana hesabu ya waliohudhuria hupendeza zaidi kwenye ripoti. Kwa sasa, anayeanza biashara Chala ana uhakika zaidi wa kupata cheti cha mafunzo kuliko kupata mtu wa kumpigia simu siku bei inapoanguka, na hakuna mpango utakaodai kwamba umemwinua wakati mambo yangali hivyo.